Moshi: Ninayekaa naye halipi kodi na hajasaini mkataba wowote. Namtoaje bila kujiingiza matatani?

Mwanarau (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku. Naomba mawazo yenu, hasa mliowahi kupita hapa au mnaoijua sheria.

Nimepanga nyumba ya vyumba viwili na sebule huku Rau, Moshi. Kodi ni 180,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anachukua ya miezi 6 kwa mkupuo. Kwenye mkataba kuna jina langu tu. Mwaka jana mwezi wa saba nikamkaribisha jamaa mmoja niliyemfahamu kupitia rafiki wa kazini. Ni mgumu, anabeba mizigo ya watalii mlimani. Tukakubaliana kwa mdomo achukue chumba cha nyuma, anilipe 80,000 kila mwezi, umeme na maji tugawane. Mwanzo alikuwa mtu safi. Analipa kwa simu, hata kabla ya tarehe.

Ilipofika Aprili mwaka huu akasimama. Nikamwelewa, masika mlima hauna wageni na wagumu wengi wanakaa tu nyumbani. Juni wageni wakarudi, akaanza kupanda tena. Kila nikimdai jibu ni "nikishuka". Anashuka, anakaa siku mbili tatu, anapanda tena. Sasa tuko Septemba, ni miezi 6, yaani 480,000 bila kuhesabu LUKU. Juzi kaleta na mdogo wake, wanalala wote humo, sikuulizwa.

Novemba natakiwa kumpa mwenye nyumba 1,080,000. Peke yangu siiwezi, na siwezi kutafuta mtu mwingine wa kushirikiana naye wakati chumba kimekaliwa.

Jumatatu anapanda kwa njia ya Lemosho, siku 8. Washikaji wananiambia hiyo ndiyo nafasi: nibadilishe kitasa, vitu vyake nivipeleke kwa jirani, akirudi akute hana pa kuingilia. Hajasaini popote, kwa hiyo hana haki yoyote pale. Ni kweli? Nimechoka sana, wakuu. Nalala nawaza hela ya mtu mwingine.

---

Kiboriloni Juu

Badilisha kitasa, mkuu. Mkataba ni wako, nyumba umelipia wewe. Mtu asiye na karatasi ni mgeni, na mgeni ukimchoka unamwambia aende. Ukianza mambo ya barua utakaa naye mpaka Krismasi.

---

Dada wa Soweto

Kaka Mwanarau, usifanye hivyo tafadhali. Kaka yangu mimi alifanya hivyohivyo Arusha, kule Sombetini. Alitoa vitu vya mwenzake nje, akavifunika turubai, akafunga mlango. Yule kurudi akaenda moja kwa moja polisi, akasema kwenye begi kulikuwa na laki nne na simu. Kaka yangu hakuiona hiyo hela wala hiyo simu. Lakini atathibitishaje, wakati alilifungasha lile begi peke yake? Aliishia kulipa ili mambo yaishe. Aliyekuwa anadai akageuka mdaiwa.

---

Sheria Kwanza

Mwanarau, nitaandika kirefu kidogo kwa sababu swali lako lina mafundo mawili na watu wengi wanayafunga pamoja.

Kwanza hili la kusaini. Kwa sheria zetu makubaliano ya mdomo ni makubaliano. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haidai kila mkataba uwe kwenye karatasi. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, nayo inatambua upangaji wa muda mfupi, usiozidi mwaka 1, hata ukiwa wa mdomo. Na pale ambapo muda haukutajwa, upangaji unahesabiwa kwa kipindi cha malipo. Anayelipa kwa mwezi ni mpangaji wa mwezi kwa mwezi, na notisi yake haipungui kipindi kimoja, ikiishia siku ya kulipa kodi.

Sasa jiangalie. Alikulipa 80,000 tangu Julai mwaka jana mpaka Machi, ukapokea, na meseji zipo. Kwa mwenye nyumba yako yule si mtu, hawana makubaliano yoyote. Lakini kwako wewe ni mpangaji. Ulimpa chumba, akakupa kodi. Angekuwa amekaa tu kwa hisani bila kulipa chochote, angekuwa mtu mwenye ruhusa tu, na ruhusa ukiiondoa unampa muda wa kutosha kufungasha, basi. Huyu wako amevuka hapo. Kwa hiyo jibu la "hana haki yoyote" si sahihi, na ukilibeba hilo mpaka mbele ya hakimu utaumia.

Pili, chumba na deni ni mambo mawili. Hapa ndipo watu wanapojifunga. Wanasema "hutoki mpaka ulipe", halafu jamaa anaendelea kukaa, na deni linaendelea kukua. Au wanashikilia godoro na redio kama dhamana, wanazua kesi mpya. Anza na chumba. Chumba kikirudi mkononi mwako, hasara inakoma siku hiyo. Deni halipotei kwa yeye kuondoka. Madai ya mkataba yana miaka 6 kisheria.

Usibadilishe kitasa. Usikate umeme wala maji kumkomoa. Usiguse mizigo yake akiwa hayupo. Kumtoa mtu kwa nguvu ni kazi ya amri ya mahakama au baraza la ardhi na dalali wa mahakama, si ya mpangaji na rafiki zake usiku.

---

Kiboriloni Juu

Mkuu Sheria, hayo ya vitabuni. Hapa mtaani mtu anaenda kwa mwenyekiti, mwenyekiti anamwita, anamwambia toka, anatoka.

---

Sheria Kwanza

Mwenyekiti wa mtaa na balozi wa nyumba kumi ni watu muhimu sana na nitakuja kwao. Lakini hawana mamlaka ya kumfukuza mtu kwenye chumba. Wana uwezo wa kukusuluhisha na kushuhudia mnachokubaliana. Mtu akikubali mbele yao, vizuri. Akikataa, wao hawawezi kumbeba.

---

Mgumu wa Mweka

Naomba niseme kidogo upande wetu, maana mimi ni mgumu, nipo mlimani mwaka wa ngapi huu. Simtetei huyo jamaa. Mtu anayepanda tangu Juni mpaka sasa hawezi kusema hana kabisa. Wapo wanaocheleweshewa hela na wanaowapeleka, hilo ni kweli na linaumiza, lakini tipu inatolewa safari ikiisha, watu wanagawana pale wanaposhuka. Ana kitu mfukoni siku hiyo.

Sasa hoja yangu. Ukifunga chumba chake umefunga kazi yake. Buti, jaketi, begi la kulalia, vyote viko geto. Mgumu anaitwa saa nne usiku kwa safari ya asubuhi. Akikosa vifaa kwa sababu yako, anakosa safari, na hapo atakudai wewe siku zote alizopoteza. Pia watu wa mlimani wanajuana. Utakuta hasira za watu wengi mlangoni kwako.

Ushauri wangu kwako, mkuu: usimdai akiwa anapanda. Wakati huo hana kitu, na anakuambia lolote ili aondoke. Lemosho wanashukia Mweka. Mwambie kabla hajaenda kuwa siku inayofuata baada ya kushuka mna kikao kwa balozi. Mwandikie na meseji.

---

Mwanarau

Asante Mgumu wa Mweka, hilo la kumdai akiwa anapanda sikuwahi kulitazama hivyo. Asante pia Dada wa Soweto.

Sheria Kwanza, nakuelewa, ila naomba uniambie nifanye nini hasa, hatua kwa hatua. Mkataba wangu na mwenye nyumba unasema nyumba ni ya kuishi, haujakataza kukaa na mtu. Mwenye nyumba anamjua jamaa, ameshamkuta pale na hakupinga. Na huyu mdogo wake je?

---

Mama Nyumba Pasua

Mwanangu Mwanarau, mimi nina nyumba za kupangisha huku Pasua, nimekaa na wapangaji miaka mingi. Jambo la kwanza kesho asubuhi nenda kamwambie mwenye nyumba wako mwenyewe, kabla hajasikia kwa mtu. Sisi wenye nyumba tunachukia kusikia ugomvi wa nyumba yetu kwa balozi wakati mpangaji alikuwa kimya. Ukimweleza vizuri, atakuwa upande wako. Kodi yote anakudai wewe, si yeye, kwa hiyo anajua ukishindwa wewe naye amekosa.

Na kuna faida nyingine. Mkataba wako ukiisha Novemba, mwenye nyumba ana haki ya kusema ninaendelea na huyu tu. Huyo wa chumba cha nyuma alikaa kwa mgongo wa mkataba wako. Mkataba ukifika mwisho, hana pa kushika. Mwombe mwenye nyumba akuandikie hivyo mapema, kwamba mkataba mpya utahesabu mtu mmoja mpaka hapo mtakapoelewana vingine.

Huyo mdogo mtu yeye ni mgeni wa mgeni. Hajawahi kukulipa na hukumkaribisha. Mwambie kaka yake kwa maandishi kuwa chumba kilikuwa cha mtu mmoja.

---

Sheria Kwanza

Mama amesema vyema, na hilo la mkataba mkuu kwisha ni la nguvu. Mpangaji mdogo hawezi kudumu kuliko aliyempangisha.

Haya, hatua. Kabla ya yote kusanya ushahidi ukiwa umetulia. Omba taarifa ya miamala ya simu inayoonyesha zile 80,000 zikiingia na siku zilipokoma. Usifute meseji zake za "nikishuka", hizo ni mtu anakiri deni kwa mkono wake. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu unapokelewa mahakamani kama ushahidi. Picha ya skrini pekee isikutoshe, tunza na simu yenyewe.

Kisha notisi. Iandike kwa Kiswahili cha kawaida, haihitaji wakili. Mfano:

"Mimi (jina), mpangaji wa nyumba iliyopo Rau, nakutaarifu kuwa nasitisha makubaliano yetu ya mdomo ya wewe kukaa chumba cha nyuma kwa kodi ya Sh 80,000 kwa mwezi. Unatakiwa kuondoka na kukabidhi ufunguo ifikapo tarehe 31 Oktoba. Deni la kodi kuanzia Aprili hadi Septemba ni Sh 480,000, na litaendelea kudaiwa hata baada ya kuondoka."

Tarehe, saini yako, nafasi ya saini yake, nafasi ya shahidi. Mpe kabla Septemba haijaisha ili Oktoba nzima iwe ndiyo muda wake. Usiandike matusi, usiandike habari za tabia yake. Nakala mbili. Akikataa kusaini, shahidi anaandika kuwa alisomewa na akakataa, na picha ya notisi umtumie kwa simu.

Halafu kwa balozi au ofisi ya serikali ya mtaa. Lengo lako pale ni karatasi moja tu: amekiri anadaiwa kiasi gani, anaondoka lini, analipaje. Mkisaini mbele ya kiongozi, umepata kitu kizito kuliko kelele za mwaka mzima.

Jambo ambalo watu hawalijui: akikutumia hela baada ya kupewa notisi, pokea, lakini mjibu palepale kwa meseji kuwa umeipokea kama sehemu ya deni la nyuma, si kodi ya mwezi ujao. Vinginevyo atasema ulipokea kodi, kwa hiyo mmeanza upya.

---

Njiro Kusini

Na akigoma kutoka tarehe 31?

---

Sheria Kwanza

Hapo unapeleka shauri Baraza la Kata kwanza. Muelewe kuwa tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza la Kata halitoi hukumu za ardhi na nyumba, linasuluhisha tu. Likishindwa linakupa cheti cha kushindikana, na zikipita siku 30 bila suluhu unaweza kuendelea bila cheti. Unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Moshi lipo na Arusha lipo. Deni tupu bila suala la chumba unalipeleka Mahakama ya Mwanzo, huko ni karibu na mtu wa kawaida anajieleza mwenyewe.

Polisi si pa kudaia kodi. Deni ni madai, si jinai. Ila akikutishia, akikupiga au akivunja kitu, hapo nenda polisi mara moja, hiyo ni jinai na haihusiani na kodi.

Asiye na uwezo wa wakili asikae kimya. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na wasaidizi wa kisheria wapo kwenye wilaya. Kina dada wa Moshi waulize KWIECO, wanasaidia wanawake kisheria kwa miaka mingi.

---

Kiboriloni Juu

Sawa, nimesoma mpaka mwisho. Hilo la kulipwa kodi kwa simu ndiyo kumpangisha mtu sikulijua. Mwanarau, achana na kitasa.

---

Mwanarau

Wakuu, narudi na mrejesho, maana mlinishika mkono na si vizuri mtu akiondoka kimya.

Sikubadilisha kitasa. Kabla hajapanda nilimpa notisi mkononi, na mwenye nyumba alikuja kama shahidi. Jamaa alikasirika, akasema namfukuza kama mbwa wakati tumekula pamoja. Maneno yale yaliniuma, sisemi uongo, kwa sababu ni kweli tumekula pamoja, na nilipougua malaria mwaka jana ndiye aliyenipeleka hospitali usiku. Lakini nikamwambia kuwa ningemchukia zaidi kama ningeendelea kunyamaza.

Aliposhuka Mweka alinipigia mwenyewe. Tukaenda kwa balozi, mzee mmoja mtulivu sana. Hakumgombeza mtu. Alichukua karatasi, akauliza "mnadaiana shilingi ngapi?" na akasubiri mpaka tukakubaliana hesabu. Tukajumlisha na Oktoba, ikawa 560,000. Umeme nikausamehe, ili tusibishane uniti za LUKU mpaka usiku. Akatoa 200,000 palepale, 360,000 iliyobaki akasaini kulipa kwa awamu tatu za 120,000, Novemba, Desemba na Januari. Mdogo wake aliondoka wiki hiyohiyo akarudi kwao Kibosho.

Siku ya kutoka tulikagua chumba pamoja mbele ya jirani, akabeba kila kitu chake, akanipa ufunguo. Baada ya hapo ndipo nilipobadilisha kitasa. Mwenye nyumba amenikubalia nilipe ya miezi 3 safari hii badala ya 6. Sikutegemea kabisa, ilitokana na kumweleza mapema kama mama wa Pasua alivyosema. Mama, Mungu akubariki.

Awamu ya Novemba imeingia. Ya Desemba bado.

---

Mgumu wa Mweka

Hongera mkuu. Kuhusu Desemba, mvumilie mpaka sikukuu ziishe. Kuanzia Krismasi mpaka mwaka mpya watu wako juu, simu nyingi hazipatikani. Akishuka mpigie.

---

Dada wa Sakina

Jamani na mimi nina langu, nipo Arusha. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuja "wiki mbili" kutafuta kazi kwenye kampuni za utalii. Mwaka umepita. Hajawahi kulipa hata mia, hachangii chakula, na mume wangu anaona aibu kumwambia. Huyu naye anastahili notisi ya mwezi?

---

Sheria Kwanza

Pole dada. Hapana, huyo hajawahi kulipa wala hamkukubaliana kodi. Yupo kwa ruhusa yenu tu, na ruhusa inaondolewa. Mpeni muda wa kueleweka, wiki mbili au mwezi, kwa maandishi hata ya meseji. Lakini neno hilo litoke kwa mume wako, si kwako. Likitoka kwako, ukoo utasema shemeji kafukuzwa na mke, na hutaisha kujieleza.

---

Mama Nyumba Pasua

Sheria ameongea vizuri, mimi naongeza la nyumbani. Binti yangu, kabla ya maandishi muiteni mkubwa mmoja wa upande wa mume, baba mdogo au shangazi, aje akae nanyi. Kijana aambiwe mbele yake. Na mtafutieni chumba, hata cha 40,000, mlipieni mwezi wa kwanza kama mnaweza. Kijana asiye na kazi ukimwambia tu "toka" ataenda wapi? Mkimwonyesha pa kwenda, hana sababu ya kubaki.

---

Dada wa Sakina

Asante mama, asante kaka. Mume wangu nimemsomesha uzi huu wote, amesema Jumamosi anampigia shangazi yake wa Ngaramtoni.

---

Njiro Kusini

Mwanarau, ukipata mtu mwingine wa kushirikiana naye, safari hii mwandikishane. Ukurasa mmoja unatosha: jina, chumba kipi, kiasi, tarehe ya kulipa, notisi mwezi mmoja kwa kila upande, wageni wanalala siku ngapi. Na mwenye nyumba awe na nakala.

---

Mwanarau

Ameshapatikana, Njiro Kusini. Ni mwalimu wa shule ya msingi, anahamia tarehe 1. Karatasi tumeshaiandika, tunasaini kesho jioni kwa mwenye nyumba. Hilo la wageni ndilo alilolitaka yeye mwenyewe liwe la kwanza.